Bendera Iliyochuja

Kuacha pombe ni kazi, sikatai. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kutafuta watu wa kuacha nao ni kazi kubwa zaidi, na haina likizo.

Naitwa Mapuleng, yaani mama Puleng. Kwetu mwanamke akishaolewa na kuzaa, jina la usichana linawekwa kabatini, naye anabeba la mwanawe hadi kaburini. Kwa hiyo popote ninapojitambulisha, na miezi hii miwili nimejitambulisha kuliko mgombea ubunge, ninayemtaja ni binti yangu. Binti mwenyewe alikuwa haongei nami ila kwa simu, dakika mbili kila Jumatano, kama mtu anayelipa faini.

Sababu ninaijua. Puleng anashona suruali kiwandani Maseru, na mtoto wake Lineo nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Jumamosi moja nilibandika sufuria ya papa, ugali wetu, kwenye jiko la mafuta ya taa, nikajilaza kidogo. Huo udogo ulikuwa wa saa tatu. Majirani walivunja mlango kwa shoka, wakamtoa mtoto wa miaka minne kwenye moshi, kisha wakanitoa mimi nikiwa nimebeba chupa yangu kifuani. Lineo alikohoa wiki nzima. Puleng alifika siku ileile, nami nikamwambia jino lilikuwa linaniuma, nilisukutua kwa brandi kidogo tu.

Puleng akanitazama mdomoni. “Lile jino uling'oa nikiwa darasa la tano, mama.”

Akafunga nguo za mtoto kwenye begi. Mlangoni akasema nitamwona Lineo siku nitakayokuwa nimekaa kwenye kikundi cha watu walioacha. Si ahadi, si kiapo cha Biblia, maana viapo anavyo vya kutosha. Kikundi. Mama wa rafiki yake kiwandani alipona hivyo. Kesho yake, Jumapili, ikawa siku yangu ya kwanza bila tone.

Nikaanzia kanisani, kwa sababu ni karibu. Mchungaji wetu ni mtu mwema, ila hajawahi kulewa hata kwa bahati mbaya, na wale kina mama wa maombi waliovaa sare zao hawajawahi pia, au wanajua kuficha kuliko mimi. Walinipigisha magoti, wakaniwekea mikono kichwani mpaka kilemba kikashuka machoni. Nilipoinua mkono niseme jambo, mmoja akasema, “Mnaona? Pepo anataka kuongea.”

“Ni mimi ninayetaka kuongea, mama.”

“Ndivyo anavyosema siku zote.”

Utabishana nini na watu hao? Jumapili ikatangazwa madhabahuni kwamba Mapuleng amefunguliwa, kijiji kizima kikapiga makofi. Jumatatu nilipokwenda dukani kununua chumvi, muuzaji akaniuliza kama ni kweli nimefunguliwa, maana kama ni kweli apunguze oda ya brandi. Watu wakacheka mpaka wakashika kaunta. Nikaondoka bila chumvi.

Cha pili kilikuwa mjini, nilikipata kwenye kikaratasi kilichobandikwa posta. Nikavaa viatu vizuri. Nikafika, nikakuta kikundi kinakutana katika chumba cha nyuma cha hoteli, na njia ya chumba cha nyuma inapita baa. Naapa kwa marehemu mume wangu. Nilipita mbele ya chupa zaidi ya hamsini, zinang'aa kama zimeoshwa kwa ajili yangu, ili nikaseme kwamba sinywi. Mle ndani walikuwa watu saba wa ofisini wakisoma kitabu kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, na Kiingereza changu mimi ni cha kununulia nyuzi. Ilipofika zamu yangu nikasema kwa Kisotho kwamba nina kiu, tena mbaya. Kijana mmoja mwenye tai akaruka mbio kunitafutia. Akarudi na glasi ya maji.

Watu wazuri sana. Nilitoka kwa kupitia dirishani. Nina miaka hamsini na mitatu, nimevaa sketi, na mlinzi wa hoteli alinimulika tochi mchana kweupe. Kwenye baa sikupita tena.

Cha tatu ndicho kilichonimaliza. Ni cha wanaume waliokuwa migodini, wanakutana Jumamosi kwenye uwanja wa chifu, wanajifunika mablanketi yao, kila mtu na fimbo yake. Nilidhani hawa angalau wanaongea lugha yangu na wamekunywa kama wanywaji hasa. Nikaingia, nikasalimia, nikakaa mwisho wa benchi. Nilipoinua macho, anayenitazama kutoka upande wa pili ni baba mkwe.

Sikujua. Miaka yote ile sikujua kwamba naye anahangaika na jambo lilelile. Nikavuta shali mabegani haraka, kama inavyompasa mkwe, naye akageuza uso ukutani. Kanuni yao ni kwamba mtu anasimama, anataja jina, na wote wanamjibu, “Karibu, fulani.” Wakaenda hivyo, zamu ikamfikia. Mzee akasimama, akataja jina lake. Wote wakaitikia. Wote ila mimi, kwa sababu jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwa mke wa mwanawe. Halijatoka tangu niolewe, na hata hapa silitaji.

“Mama hapo nyuma,” akasema mwenyekiti, “humkaribishi mwenzetu?”

“Namkaribisha, ntate,” nikasema, yaani baba.

“Mkaribishe kwa jina.”

“Siwezi, ntate.”

“Kakukosea nini?”

Wazee wawili waliojua ukoo wetu wakaanza kukohoa. Baba mkwe akaketi bila kusema alichokuja kusema. Baada ya hapo hakuna aliyesema chochote cha maana. Saa nzima na nusu, wanaume kumi na watano wakazungumzia mvua, bei ya sufu, na mguu wa ng'ombe wa chifu. Nani atafungua aibu yake mbele ya mke wa mtoto wake, au mbele ya yule atakayekwenda kuisimulia kisimani? Wakati wa kutoka, yule mzee akapita karibu nami, akasema akitazama chini, “Mama Puleng, mimi sina pengine ila hapa.” Nikamwelewa. Sikurudi.

Jumatano Puleng akapiga simu. “Umepata?”

“Nimepata vitatu, nimepoteza vitatu.”

“Kwa hiyo hujapata.”

“Puleng, kimoja wananiombea, kimoja wananisomea, kimoja...”

“Mama. Ni jino tena?”

Akakata. Nilikaa na simu mkononi nikitamani kumtukana, na sikuwa na tusi, kwa sababu kila tusi lilikuwa linanirudia mimi.

Nesi wa zahanati yetu ni binti anayeitwa Khopotso, mgeni wa huku, mwenye subira ya punda. Nilimwendea nikiwa nimepandwa na hasira, nikamwambia vikundi vyote vya nchi hii vimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Akanisikiliza akihesabu vidonge vya mgonjwa mwingine.

“Mchagua jembe si mkulima, mama.”

“Sichagui jembe! Jembe lenyewe ndilo halina mpini!”

Akacheka. Akasema amesikia kuna kikundi kingine, kijiji cha Ha Ralikonyana, ng'ambo ya kijito, kila Jumapili saa nane. Jina la mwenye nyumba hakulijua, kwa kuwa wale watu hawatajani nje. Alichoambiwa ni kwamba nitafute bendera ya buluu.

Hapo kidogo nikapata moyo. Kwetu kila nyumba inayouza kitu inasimamisha mti uani na kitambaa juu yake: nyekundu ni nyama, kijani ni mboga, nyeupe ni pombe ya mtama. Buluu haiuzi kitu. Nikasema, hawa wana akili, wamechukua rangi iliyobaki.

Jumapili ya kwanza nikavuka kijito, na tope la mvua ya Jumamosi likanifika vifundoni. Nikapita Ha Ralikonyana yote, juu na chini. Buluu hakuna. Ilikuwako nyeupe moja, uani kwa Mathuso, na hiyo niliikwepa kwa kuhamia ng'ambo ya barabara kwenye miiba, kama nilivyojifunza kufanya wiki zote zile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa Mathuso nilikunywa miaka mingi, enzi za marehemu mume wangu. Tulitoka pale tukishikana ili tusianguke, na tukaanguka pamoja. Nikasema moyoni, bibi huyu bado anaua watu.

Jumapili ya pili, mvua tena usiku wake, tope tena, buluu hakuna. Nikamuuliza mwanamume mmoja aliyekuwa anachunga, akaniambia kwa dharau, “Bendera ile pale, mama, huoni?” akinionyesha ya Mathuso. Nikamjibu kwamba mimi si mlevi. Akanitazama kilemba mpaka viatu vyenye tope, akasema, “Sawa.” Hilo “sawa” lilinichoma wiki nzima.

Jumapili ya tatu ilikuwa siku yangu ya sitini na nne. Mvua ilikuwa imenyesha Jumamosi kutwa. Nikavuka, nikapanda, nikashuka, nikazunguka nyuma ya shule, nikaulizia kwa chifu, nikafukuzwa na mbwa. Miguu ilikuwa inawaka. Nikakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba ya Mathuso, na ile nyeupe ikawa inapepea juu yangu taratibu, na uani nikawaona watu wameketi kwenye mabenchi, ukutani penye jua, kila mtu na kopo lake, wanazungumza polepole. Wamestarehe. Wamepata pa kukaa. Kanisani nilikuwa pepo, mjini mjinga, kwa wazee mkosi, na hapa, nyumba pekee katika wilaya nzima iliyokuwa imefungua mlango wa kunipokea, ilikuwa ya pombe.

Nikasema, potelea mbali.

Nililisema kwa sauti, mbuzi mmoja akageuka. Nikatoa sarafu kwenye kitambaa, nikaingia uani kwa Mathuso, na nilikuwa ninaingia kunywa. Nataka hilo lieleweke. Si kuulizia njia, si kupumzika. Kunywa.

Mathuso amezeeka na kunenepa, lakini macho ni yaleyale. “Mapuleng,” akasema, kama vile nilitoka pale jana.

“Nipe kopo.”

“Rudisha hela yako. Keti.”

Akanichotea kutoka kwenye ndoo. Nilikunywa funda kubwa nikiwa nimefumba macho, na koo langu likangoja moto. Moto haukuja. Kilikuja kitu kichachu, kizito, cha baridi.

“Hii nini?”

“Motoho.”

“Motoho? Uji mchachu wa watoto?”

“Na wa wakubwa.”

“Mathuso, nimeomba pombe!”

Watu sita wote kwenye mabenchi wakacheka. Si kicheko cha dukani, lakini siku ile sikuwa na nguvu za kupambanua. Nikasimama niwamwagie. Mzee mmoja mwembamba, anaitwa ntate Lebitsa, akanishika mkono.

“Keti, mama. Mimi nilikuja na galoni. Mwaka jana, mwezi wa pili. Nilitaka lita tano.”

“Mimi nilikuja kukopa,” akasema mwanamke aliye karibu naye.

“Pombe haipo hapa tangu mwaka juzi,” Mathuso akasema, “tangu nilipomzika Thuso. Mwanangu alikufa kwa nilichokipika mwenyewe, Mapuleng. Sasa tunakaa tu. Kila Jumapili, saa nane.”

Nikatazama juu ya mti. Kitambaa kilikuwa cheupe pepepe, ila kwenye pindo lililoshonwa, pale maji yasipofika vizuri, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

“Mnataka kuniambia hii ndiyo ya buluu?”

“Ni buluu ya kufulia,” akasema Mathuso. “Nachovya kila Jumatatu. Mvua ikinyesha inachuja.”

“Wiki tatu! Wiki tatu natembea kwenye tope nikiikwepa! Kwa nini usinunue kitambaa chenye rangi ya kweli, mwanamke wewe?”

“Kikiwa buluu, wanakuja wanaotaka kuacha. Hao ni wachache. Kikichuja, wanakuja waliokuja kunywa.” Akanijazia kopo. “Hawa wote nimeletewa na mvua, isipokuwa Lebitsa.”

“Hata mimi,” akasema Lebitsa. “Ilikuwa ya mawe.”

Nilikuwa napokea kopo nilipomwona Puleng barabarani.

Alikuwa amekuja bila kusema. Baadaye nilijua kwamba alitaka kunishtukiza, kwamba alimwacha Lineo kwa jirani yangu na kuvuka kijito peke yake akitafuta bendera ya buluu niliyomweleza kwenye simu. Alichokiona ni bendera nyeupe, ua wa Mathuso anaoujua tangu utotoni, maana ndiko alikokuwa akitumwa kuja kutuokota, na chini ya bendera mama yake, na kopo mkononi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia, akapita bila kumwamkia mtu, jambo ambalo sikumfundisha, akachukua kopo mkononi mwangu. Akalinusa. Akaonja. Nikamwona anakunja uso, halafu anaonja tena. Kisha akainama akaninusa mdomo, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka tisa, kila nilipofungua mlango, ili ajue kama jioni ile patapikwa.

“Ni motoho,” akasema.

“Ni motoho.”

“Kwa hiyo hapa ndipo? Hiki ndicho kikundi?”

“Ndicho,” akasema Mathuso. “Karibu, ausi,” yaani dada.

Puleng akashusha pumzi. Nikauona uso wake unalegea kidogo, na kulikuwa na nafasi hapo, ndogo, nzuri, ya mimi kunyamaza tu. Watu sita walikuwa wanatazama makopo yao. Hakuna ambaye angenisaliti. Ningesema, ndiyo mwanangu, nimetafuta, nimepata, nipe mtoto. Na hakuna neno hata moja ambalo lingekuwa uongo.

“Ulipajuaje, mama?” akauliza.

Nilijisikia ninachoka. Nilichoka na kila kitu, na mvua, na vikundi, na yule anayesema kwa niaba yangu kila ninapobanwa.

“Sikupajua,” nikasema. “Niliiona nyeupe. Nilikuja kunywa.”

Puleng akanitazama mdomoni muda mrefu. Jogoo akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza. Nikangoja ageuke aende zake, na nilikuwa nimejipanga nisimkimbilie, kwa sababu mbio hizo nazo anazo za kutosha.

“Angalau leo si jino,” akasema.

Akakaa. Si karibu nami, mwisho wa benchi, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri ofisini. Mathuso akamchotea kopo, akamwambia kwamba hapa hakuna mtazamaji, aliyeketi anataja jina na siku zake. Puleng akasema yeye hajawahi kunywa, hana siku za kutaja.

“Basi taja jina.”

“Naitwa Puleng.”

“Karibu, Puleng,” wakasema wote, nami nikasema pamoja nao, na jina hilo halikunizuia.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. Nikasema naitwa Mapuleng, halafu sauti ikakataa, kwa hiyo sikutaja siku. Mathuso hakunilazimisha. Tukamaliza, tukaosha makopo. Puleng alinisindikiza hadi kijitoni. Pale kwenye mawe ya kuvukia akasema amekuja na begi la Lineo, nguo zote, ila leo atarudi nalo Maseru, na mtoto pia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kulia na nilitaka kumrushia jiwe, vyote kwa pamoja.

“Jumapili ijayo nitakuja nalo tena,” akasema. “Nitakaa palepale. Na safari ijayo zitaje siku zako, usisimame tu kama mti. Leo ilikuwa sitini na nne.”

Sikuwahi kumwambia nimefika ngapi.